Mashine za zamani zinafia mezani pa fundi: tuongee juu ya radiateri

Maoni ya mwandishi wetu, Bukavu

Hapa kwetu Bukavu kompyuta ya zamani ingali na kazi. Pita Kadutu, pita Nyawera, shuka mpaka Panzi: hapa na pale utakuta sekreteria ambamo mashine yenye umri wa miaka ishirini na zaidi inachapa barua za kuomba kazi, TFC za wanafunzi, buletini za masomo na mialiko ya ndoa. Mwenye mashine haikai nayo kwa kupenda vitu vya kale. Anakaa nayo kwa sababu inamlipia nyumba na minervali ya watoto, na kwa sababu ile printa yake ya utepe haikubali mashine mpya.

Maoni yangu ni haya: mashine hizi, mara nyingi, haziuawi na uzee. Zinafia kwenye meza ya atelye, siku ile ile tulipozipeleka zikafutwe vumbi. Na kinachoziua ni kazi ya dakika tano ambayo watu wachache sana wamefundishwa: kutoa radiateri juu ya prosesa na kuirudisha.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye sekreteria huko Kadutu alipeleka mashine yake kwa fundi kwa sababu ventilateri ilikuwa inapiga kelele. Mashine iliingia ikiwa hai. Jioni ilirudi ikiwa bubu: taa ya mbele inawaka, ventilateri inazunguka, lakini ekrani ni nyeusi. Fundi akamwambia, "Mama, hii mashine ilikuwa imechoka, ni ya wazee." Kisha akaomba malipo ya kusafisha. Mama akakataa, maneno yakapanda, mpaka shefu wa avenyu akaitwa. Aligawanya hasara nusu kwa nusu, na kila mmoja akaenda nyumbani akiona ameonewa.

Kesho yake niliiangalia ile prosesa. Pembe moja ilikuwa imekatika, kipande kidogo kama punje ya chumvi. Basi. Punje ile ndiyo iliyofunga mlango wa sekreteria siku tisa.

Simtaji fundi yule, na sina nia ya kumwaibisha. Ni kijana mwenye bidii, na alifanya kama alivyoona wengine wakifanya. Tatizo ni letu sote, na ndiyo maana ninaandika.

Kigae kilichoachwa uchi

Tuanze na kitu chenyewe. Prosesa ni ile sehemu inayofanya hesabu zote za mashine, na kwa kufanya hesabu inatoa joto. Athlon ya AMD ya megahezi 1,400, iliyotoka mwaka 2001, inaweza kutoa joto la wati 72. Ampuli ya wati 75 tunaijua wote: ikiwaka huwezi kuishika. Sasa chukua joto la ampuli ile, libane ndani ya kigae cha silikoni chenye milimita mraba 120, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hapo ndipo utaelewa kwa nini juu yake panawekwa radiateri, kile kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi, na juu ya radiateri ventilateri.

Mwishoni mwa mwaka 1999 Intel ilianza kuuza Pentium III za aina mpya, zilizoitwa Coppermine. Katikati ya mwaka 2000 AMD ikafuata na Athlon na Duron za soketi A, ile ya matundu 462. Katika prosesa hizo kigae kiligeuzwa kichwa chini na mgongo wake ukaachwa wazi juu, ili joto litoke moja kwa moja kuingia kwenye radiateri. Kwa upande wa joto lilikuwa wazo zuri. Kwa upande wa mikono ya watu lilikuwa balaa. Silikoni ni ngumu kama kioo, na kama kioo haikubali kuinama. Ukiielemea upande mmoja, pembe inakatika.

AMD yenyewe ilijua hatari hiyo. Ndiyo maana kwenye Athlon utaona vitufe vinne vya mpira, kimoja kila pembe ya prosesa. Kazi yao ni kuizuia radiateri isilale upande wakati inafungwa. Vitufe hivyo vikikauka na kubanduka, usivitupe ukidhani ni uchafu.

Baadaye watengenezaji walitambua kwamba kigae kinahitaji kofia ya chuma. Pentium 4 ilitoka nayo tangu mwisho wa mwaka 2000, Pentium III za mwisho aina ya Tualatin ziliivaa mwaka 2001, na Athlon 64 mwaka 2003. Kwa hiyo fundi mwenye akili, kabla hajagusa turnavisi, anawasha mashine na kusoma jina la prosesa kwenye ekrani. Ikiwa ni Athlon, Athlon XP, Duron au Pentium III ya Coppermine, ajue anakwenda kushika yai. Ikiwa ni Pentium 4, yai lina ganda la chuma, lakini lina ugonjwa mwingine nitakaoueleza chini.

Inavunjika namna gani

Kwenye soketi A na soketi 370 ya Pentium III, radiateri inashikwa na kibanio cha chuma kinachopita katikati yake na kung'ata meno ya plastiki pande mbili za soketi. Kibanio hicho kina nguvu nyingi, kwa sababu lazima kikandamize radiateri kwa uzito wa kilo kadhaa. Nguvu hiyo ikishuka sawasawa juu ya kigae chote, hakuna neno. Ikishuka ukingoni, kigae kinakatika.

Makosa ninayoyaona ni yale yale.

La kwanza ni kuinua radiateri upande mmoja kama kifuniko cha sanduku. Fundi anaachia kibanio upande wa kulia, anavuta, na radiateri inaegemea ukingo wa kushoto wa kigae. Pembe inalia "tik". Mara nyingi fundi mwenyewe hasikii, kwa makelele ya barabara na grupu ya jirani.

La pili ni kuweka radiateri kinyume. Tazama soketi vizuri: upande mmoja una sehemu iliyoinuka, penye maandishi ya namba ya soketi. Chini ya radiateri nako kuna kidaraja kilichokatwa ili kipite juu ya sehemu hiyo. Ukiigeuza radiateri, kidaraja kinakuwa upande usiofaa, radiateri inapanda juu ya plastiki na kukaa mshazari. Kibanio kitafunga bado, na kwa macho ya haraka kila kitu kitaonekana sawa. Lakini kigae kitakuwa kimevunjika, au kitakuwa hakigusani na radiateri na kitaungua ukiwasha.

La tatu ni turnavisi kuteleza. Kibanio kinabonyezwa kwa ncha ya turnavisi, mkono unasukuma kwa nguvu, ncha inatoka na kuchimba kartimere. Pale pana njia nyembamba za shaba, nyembamba kuliko unywele. Ukikata mbili tatu, umeua mashine bila kugusa prosesa.

La nne ni uzito. AMD ilishauri radiateri ya soketi A isizidi gramu 300. Kuna mafundi wanaopenda kufunga radiateri kubwa ya shaba waliyoitoa kwenye mashine nyingine. Ni kweli shaba inapitisha joto kuliko alumini, lakini uzito wake ni zaidi ya mara tatu kwa ukubwa ule ule. Mashine inaposimama, kartimere inasimama pia, na radiateri nzima inaning'inia kwenye meno mawili madogo ya plastiki. Halafu mashine hiyo hiyo inapandishwa juu ya moto, inapita mashimo ya barabara zetu kutoka Kadutu mpaka Panzi. Ikifika, jino limevunjika na radiateri imelala chini ya sanduku. Mwenye mashine anaiwasha bila kujua.

Na kuwasha bila radiateri ni kifo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video iliyozunguka dunia nzima: walitoa radiateri wakati mashine inafanya kazi. Pentium 4 ilipunguza mwendo wake yenyewe na kuendelea taratibu. Pentium III ilisimama, lakini haikufa. Athlon za siku zile ziliungua palepale, moshi ukatoka. Kwa hiyo yule anayesema "acha niwashe kidogo tu nione kama inaanza" kabla ya kuweka radiateri, kwenye Athlon hana nafasi ya kuona chochote.

Pentium 4 ina ugonjwa wake

Pentium 4 za soketi 478 bado ziko nyingi katika masekreteria na masomo. Kofia yake ya chuma inalinda kigae, lakini pati iliyowekwa kiwandani imekauka miaka ishirini na kuwa kama gundi. Fundi anafungua vibanio, anavuta radiateri kwa nguvu, na prosesa inatoka nayo, imeng'olewa ndani ya soketi iliyofungwa bado. Miguu 478, myembamba kama sindano, inainama.

Dawa yake haina gharama. Washa mashine, iache ifanye kazi dakika kumi mpaka radiateri iwe na joto. Zima, toa waya wa umeme. Fungua vibanio. Zungusha radiateri kidogo kushoto na kulia, kama unavyofungua kifuniko cha chupa kilichokwama, mpaka usikie pati imeachia. Ndipo uinue moja kwa moja juu. Kuzungusha huku ni kwa prosesa zenye kofia tu. Kwenye kigae kilicho uchi usizungushe: pasha joto, kisha inua wima bila kuegemea upande wowote, na usiingize turnavisi chini ili kubandua.

Kama miguu imeshainama, usiivute kwa koleo. Chukua kalamu ya risasi ya kubonyeza isiyo na risasi ndani, vaa ncha yake juu ya mguu mmoja, nyoosha polepole, kisha mwingine. Kadi nyembamba ya simu ikipitishwa kati ya mistari inasaidia pia. Ni kazi ya uvumilivu, na mguu ulioinama sana unaweza kukatika. Bora kutofika hapo.

Dawa ya meno si pati

Kati ya prosesa na radiateri panawekwa ujiuji mweupe au wa kijivu ambao mafundi wanauita pati. Kazi yake ni kujaza mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho, kwa sababu chuma kikigusana na chuma daima hubaki hewa katikati, na hewa haipitishi joto vizuri. Basi pati inatakiwa kuwa kidogo. Ukipaka nene kama siagi kwenye mkate, umeivisha prosesa blanketi.

Hapa mjini nimeona dawa ya meno, vazelini, hata mafuta ya gari. Dawa ya meno inadanganya kwa sababu siku ya kwanza inafanya kazi: ina maji, na maji yanapitisha joto. Baada ya siku chache maji yamekwenda, inabaki chokaa kavu. Mteja anarudi, fundi anafungua tena, na kila kufungua ni nafasi nyingine ya kuvunja kigae. Mirija midogo ya pati inapatikana kwa wauzaji wa vipande vya kompyuta, na mrija mmoja unatosha mashine nyingi.

Kipimo ni hiki: kwa prosesa yenye kofia, tone la punje ya mchele katikati, radiateri italitandaza yenyewe. Kwa kigae kilicho uchi, tandaza utando mwembamba juu ya kigae chote kwa kadi ya plastiki, usiache sehemu hata ndogo bila kitu, na usimwage pembeni. Kwenye Athlon, juu ya prosesa kuna vidaraja vidogo vya chuma vilivyo wazi, na pati zenye chembe za fedha zinaweza kuleta matatizo zikivifikia.

Kabla ya kupaka mpya, toa ya zamani yote, kwenye prosesa na chini ya radiateri pia. Radiateri nyingi za wakati ule zilikuja na kipande cha kuyeyuka kilichobandikwa kiwandani. Kikishatumika mara moja, kiondoe. Usipake pati juu yake. Tumia pamba na alkoli ya famasi, na kwa magumu tumia ukucha au kadi ya plastiki. Kisu na karatasi ya msasa viache nyumbani.

Mpangilio wa kazi

Nimeomba mafundi wawili wazee wa hapa wanieleze wanavyofanya, na maelezo yao yalilingana. Ninayaandika ili kijana asome.

Kwanza, uliza kama kweli radiateri inatakiwa kutoka. Kwa vumbi la kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, mara nyingi haitakiwi. Ventilateri inatoka peke yake, kwa kawaida kwa skrubu nne. Piga burashi laini kati ya mapezi, puliza, rudisha ventilateri. Radiateri haijasogea, kigae hakijaguswa. Mama yule wa Kadutu angefanyiwa hivyo tu, angekuwa kazini kesho yake.

Pili, kama lazima itoke, zima mashine, toa waya, gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwili utoke. Laza sanduku ili kartimere iwe chini na prosesa itazame juu. Usifanye kazi hii mashine ikiwa imesimama. Weka kipande cha katoni juu ya kartimere pembeni mwa soketi, turnavisi ikiteleza ichome katoni.

Tatu, wakati wa kufunga, hakikisha kidaraja cha radiateri kiko upande wa sehemu iliyoinuka ya soketi. Ng'atisha kwanza upande wa kibanio usio na mahali pa turnavisi. Shusha radiateri ikiwa sawa kabisa, ikalie vitufe vinne vya mpira kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ushike radiateri katikati isiyumbe. Mkono mwingine ubonyeze kibanio, chini halafu nje, polepole, mpaka kishike jino. Kama kibanio chako kina matundu matatu kila upande, shikisha meno yote matatu, usitegemee moja.

Nne, chomeka waya wa ventilateri kabla ya waya wa umeme. Wengi wanasahau. Washa, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa mwanzo, soma joto la prosesa. Likipanda haraka na kupita 70 ndani ya dakika chache, zima, kuna kitu hakijakaa. Tukumbuke pia kwamba Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ya pwani na inabeba joto kidogo kuliko inavyofanya huko. Radiateri iliyofungwa ovyo haitapata msaada kutoka kwa hewa.

Nani alipe?

Sasa tufike kwenye neno linalouma. Kigae kikivunjika, hasara ni ya nani?

Wateja wanasema: aliyevunja alipe. Mafundi wanajibu: tutalipaje prosesa wakati mteja anatupa franga kidogo na kukataa hata kununua pati? Pande zote zina sehemu ya haki, na kugawanya nusu kwa nusu kama shefu wa avenyu kunatuliza fujo bila kumfundisha mtu yeyote.

Mimi ninaona kanuni ni rahisi. Fundi aiwashe mashine mbele ya mteja kabla ya kuifungua. Ikiwaka, wote wawili wameona kwamba ni nzima, na kuanzia hapo fundi anabeba jukumu. Ikiwa haiwaki, wote wameona pia, na hakuna atakayemsingizia. Akitoa radiateri, amwonyeshe mteja pembe nne za kigae, au apige picha kwa simu. Kisha bei ya pati iandikwe mbali na bei ya mkono. Mteja akikataa kuilipa, fundi asikubali kutoa radiateri. Akikubali kuitoa bila pati nzuri, asije kulia baadaye.

Fundi asiyekubali kuwasha mashine mbele yangu, mimi simwachii mashine yangu. Ndivyo ninavyowashauri wasomaji.

Na jambo moja ambalo mwenye sekreteria yeyote lazima alijue: prosesa ikifa, disiki haijafa. Kazi za wateja, majina ya wanafunzi, hesabu za mwaka, vyote viko ndani ya disiki. Mama yule alikuwa ameambiwa kwamba kila kitu kimepotea na kwamba lazima "kuanza upya". Si kweli. Disiki ilichomekwa kwenye mashine nyingine na TFC zote zilikuwamo. Kama fundi anakuambia prosesa imekufa na wakati huo huo anataka kufuta disiki yako, mnyang'anye disiki kwanza, mazungumzo baadaye.

Wanaosema tuzitupe

Kuna wasomaji watakaosema: kwa nini kupoteza maneno juu ya mashine za mwaka 2001? Nunua laptopu ya mtumba, inakula umeme kidogo, haina matatizo haya. Nakubali sehemu yake. Pentium 4 inakula umeme mwingi, na kwa mtu anayetegemea grupu siku kuran ikikatika, mafuta yanaweza kumaliza faida. Mwenye uwezo wa kubadilisha, abadilishe.

Lakini asiye na uwezo ni wengi. Na mashine iliyotupwa hapa haiendi kiwandani kuyeyushwa, inaishia kwenye mtaro na mwisho ziwani Kivu. Tena ufundi huu hautaisha na Athlon. Ndani ya laptopu nyingi, hata za leo, kigae kiko uchi vile vile, na radiateri yake inafungwa kwa skrubu ndogo ambazo lazima zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, pembe kwa pembe. Kijana aliyejifunza kushika Athlon bila kuivunja atashika laptopu bila kuivunja.

Kuna jambo lingine linalonisumbua. Shaba inachimbwa Katanga. Koltani inachimbwa hapa Kivu, na tantali yake inaingia kwenye vipande vidogo vya elektroniki duniani kote. Vitu hivi vinaondoka kwetu kama mawe, vinarudi baada ya miaka kama mashine za mtumba, na tunazinunua kwa dola. Tukizivunja kwa turnavisi siku ya kwanza ya matengenezo, tumelipa mara mbili.

Tunachoomba

Kwa masomo ya ufundi na kwa INPP: kazi hii ifundishwe kwa mikono. Prosesa zilizokufa ziko tele katika maatelye yetu, bure. Mwanafunzi afunge na kufungua radiateri mara ishirini kwenye prosesa iliyokufa, akivunja pembe hakuna anayelia, kabla hajagusa mashine ya mtu.

Kwa mafundi wa Bukavu: wekeni katoni, alkoli na mrija wa pati mezani, mteja avione. Bei yenu itaheshimiwa zaidi.

Kwa wenye masekreteria na maprefe wa masomo: nakilini kazi zenu kwenye ufunguo wa USB kila wiki, bebeni mashine ikiwa imelazwa na si kusimamishwa juu ya moto, na msiipeleke kwa fundi kwa sababu ya vumbi tu bila kumwambia wazi: "Toa ventilateri, acha radiateri mahali pake."

Mafundi wenye njia nyingine, au wanaoona nimewaonea kwenye suala la malipo, waniandikie. Majibu yao nitayaweka hapa, na prosesa yangu iliyokufa iko tayari kwa yeyote anayetaka kunionyesha.